Siku Niliposhika Kipaza Sauti Harusini

Mtahiniwa mpendwa, nikikuuliza sasa hivi tumbuizo ni nini, najua utanijibu bila kusita. Utasema ni nyimbo za kuwaliwaza watu, ziwe za furaha kama harusini au za huzuni kama msibani. Utapewa alama yako. Mimi nami niliipata alama hiyo nikiwa kidato cha nne, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwapa wengine kwa kalamu nyekundu. Lakini maana ya neno lenyewe sikuijua mpaka Jumamosi moja usiku, Mbagala, Dar es Salaam, nikiwa mbele ya wageni 250 na kipaza sauti mkononi.

Nitakusimulia yaliyonipata. Usiyakariri. Yasome kama unavyomsikiliza mwalimu wako nje ya darasa, halafu uyarudie majibu ya mwisho wa sura hii ukiwa na mfano wa kushika.

Mwalimu mwenzangu wa Hisabati alikuwa anaoa. Unajua harusi zetu za mjini zinavyoandaliwa: kamati hukaa kila Jumapili, kadi za michango husambazwa, mweka hazina husoma majina ya walioahidi na wasiotoa. Hadi wiki tatu kabla ya harusi, fedha zilikuwa zimekwisha kumezwa na ukumbi, chakula na mapambo. Mshereheshaji, yule tunayezoea kumwita emsii, alitaka laki tano. Mwenyekiti akatazama daftari, akatutazama sisi, kisha akasema, "Hivi tunahangaika nini, na Mwalimu wa Kiswahili tunaye hapa hapa?"

Kila mtu akageuka kunitazama. Nilijifanya kukataa, lakini moyoni nilifurahi sana. Nilijiona mtu wa lugha ambaye hatimaye amepata uwanja.

Nilijiandaa. Nilitengeneza ratiba ya dakika kwa dakika, nikaichapa nakala tatu. Nilikusanya vichekesho, nikavijaribu mbele ya kioo. Tena, jambo la kuchekesha, Ijumaa asubuhi niliingia darasani kufundisha rejesta. Niliandika ubaoni kwa herufi kubwa mambo yanayomwongoza mzungumzaji kuchagua lugha: mada inayozungumzwa, uhusiano wa wazungumzaji, mahali walipo na lengo la mazungumzo. Nikawaambia wanafunzi, "Mtu akisahau moja kati ya haya manne, atasema Kiswahili sanifu na bado atakuwa amekosea." Wakaandika. Kesho yake nikaenda kukosea.

Kadi za mwaliko ziliandikwa saa 12:00 jioni. Saa 12:00 jioni ukumbini tulikuwa mimi, fundi wa muziki na mabinti watatu waliokuwa wakifunga vitambaa kwenye viti. Wageni walianza kujaa saa 2:00 usiku. Maharusi waliingia saa 3:00 kasoro dakika chache, wakiongozwa na matarumbeta, na ukumbi ulitakiwa kufungwa saa 6:00 kamili. Ratiba yangu ya dakika kwa dakika ilikuwa imekufa kabla sijasema neno la kwanza.

Hata hivyo, mambo yalianza vizuri. Mzee mmoja alitufungulia kwa dua. Nikafuata na utambulisho. Hapo nikagundua kwamba ukumbi mmoja una hadhira nyingi. Mbele walikaa wazee, ambao kila baada ya nyimbo mbili walimtuma mtu aje kusema muziki upunguzwe. Katikati walikuwepo kina mama waliotaka taarabu. Nyuma walikuwepo vijana waliouliza singeli itapigwa saa ngapi. Watoto walizunguka meza ya keki. Nilimpa kila mmoja sehemu yake. Meza zilipokuwa zikiitwa moja moja kwenda kuchukua chakula, niliwashughulisha waliokuwa bado wakisubiri kwa vitendawili, na aliyekosa alitoa mji, nikaenda mji wake kwa madaha yote. Watu walicheka. Wajomba waliposimama kutambulishwa niliwatania kidogo, nao wakanitania. Watu wakacheka zaidi.

Kicheko kinalewesha, mtahiniwa. Kufikia saa 5:00 nilikuwa nimelewa bila kunywa chochote zaidi ya soda. Kila nilichosema kilichekwa, nami nikaanza kuamini kwamba kazi niliyopewa ni kuchekesha.

Ikafika sehemu ya zawadi. Unaifahamu: kundi huitwa, muziki hupigwa, watu huja wakicheza na zawadi zao hadi mbele, mshereheshaji hutangaza, maharusi hupokea, kundi linapita. Upande wa bwana harusi ulileta friji. Walimu tulileta jiko la gesi na bahasha. Majirani walileta seti za vyombo na mapazia. Kila kundi nililipa dakika nne, na kila kundi lilikula saba. Nilipoiita familia ya bibi harusi kutoka Rufiji, saa yangu ilisoma 5:20.

Mbele yao alikuwa bibi mzaa mama wa bibi harusi. Alivaa khanga jozi, mpya, bado zina mikunjo ya dukani. Begani alibeba mkeka uliokunjwa, na nyuma yake walifuata wanawake wawili watu wazima. Muziki ulikuwa ukidunda, lakini wao hawakucheza. Walitembea polepole hadi mbele ya maharusi, bibi akasimama, akageuka kumtazama fundi wa muziki, akashusha kiganja chake chini mara mbili. Alikuwa anaomba kimya.

Niliona kiganja kile. Naapa niliona. Lakini niliitazama saa, nikadhani bibi amechoshwa na kelele tu, nikasogea na kipaza sauti.

"Bibi, karibu sana! Lakini mkeka tena? Mjukuu wako ameshapata kitanda cha sita kwa sita!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nami nikaongeza la pili, maana mlevi haridhiki na moja.

"Au ni wa bwana harusi, siku akichelewa kurudi alale sebuleni?"

Wakacheka hadi wa nyuma wakapiga meza. Bibi alinitazama. Hakukasirika. Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyepita na matope juu ya sakafu iliyotoka kupigwa deki. Kisha akainama, akaanza kufungua kamba ya mkeka ili aukunjue.

"Tutaukunjua nyumbani, bibi! Muda, muda! Fundi, ongeza sauti!"

Muziki ukapanda. Vijana wakaingia uwanjani. Mmoja wa wale wanawake akamshika bibi mkono, wakaondoka kwa mwendo ule ule waliokuja nao. Mkeka ukawekwa kwenye lundo la zawadi, nyuma ya boksi la jiko la gesi, kamba yake nusu imefunguliwa. Nilipomtazama bibi harusi nikamwona anajifuta macho kwa leso. Nikatangaza kwa kipaza sauti, "Machozi ya furaha hayo, jamani!" Wageni wakapiga vigelegele.

Tulimaliza saa 6:00 kasoro dakika tano. Mwenyekiti wa kamati alinikumbatia, akanipa bahasha ya asante. Watu wawili walichukua namba yangu ya simu kwa ajili ya harusi zao. Nilirudi nyumbani nikiwa na sauti iliyokauka na kifua mbele.

Wiki mbili baadaye yule mwenzangu alirudi kazini. Tulikuwa wawili tu katika chumba cha walimu. Alinishukuru kwa yote. Kisha akanyamaza, akachezea kifuniko cha kalamu, akasema, "Mwalimu, sisemi kwa ubaya. Ila mke wangu alikuwa anaungoja wimbo ule."

"Wimbo upi?"

Ndipo akanieleza. Mkewe alifiwa na mama akiwa shule ya msingi, akalelewa na bibi. Siku posa ilipopokelewa, bibi alianza kuutengeneza mkeka. Kama hujaona kazi hiyo ikifanywa, fahamu kwamba mkeka haufumwi wote kwa mpigo. Majani ya ukindu hukatwa, huanikwa, huchanwa kuwa nyuzi nyembamba, na mengine huchemshwa kwenye rangi. Kisha husukwa utepe mrefu uitwao ukili, pingili kwa pingili, ndipo ukili huo hushonwa kwa kupakanishwa hadi upatikane upana wa mkeka. Bibi aliufanya kazi masika yote, macho yake yakiwa si ya ujana.

Na siku ya harusi, mkeka ule ulikuwa ukunjuliwe mbele ya watu, bibi harusi akae juu yake, na bibi amwimbie. Wimbo huo ndio aliomwimbia mama yake bibi harusi siku alipoolewa. Una sehemu ya kumsifu binti, una sehemu ya kumuusia, na una mahali ambapo hutajwa wale wa ukoo ambao hawapo tena. Mwaka huu mahali hapo palikuwa na jina jipya.

Mtahiniwa, sikuwa na la kujibu. Kwa hiyo yale machozi niliyoyatangazia ukumbi mzima sikuwa nimeyaelewa hata tone moja.

Jumapili iliyofuata tulipanda basi Mbagala Rangi Tatu, tukapita Mkuranga na Kibiti hadi Ikwiriri. Nilibeba sukari kilo tano na khanga. Njiani nilitunga hotuba ya kuomba radhi, yenye utangulizi, kiini na hitimisho, kama ninavyokufundisha wewe. Tulimkuta bibi barazani, anasuka ukili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibuni." Akanitazama vizuri. "Wewe ndiye yule mwenye makelele?"

Hotuba yote ikanitoka kichwani. "Ndiye mimi, bibi. Nimekuja kukuomba radhi."

Vidole vyake havikusimama. "Uliniharakisha," alisema. Baada ya muda akaendelea, "Waliokuja kula walikula. Waliokuja kucheza walicheza. Mimi nilikuja na maneno yangu, nikarudi nayo."

Nikaomba radhi tena, safari hii bila utangulizi. Akasema amesamehe, na nikaona amesamehe kweli, maana alimwita mtoto alete chai na mihogo ya kuchemsha. Nikapata ujasiri, na ujasiri wangu ukaniponza tena. Nikamwambia kwamba mimi ni mwalimu wa fasihi, na kama angekubali kuniimbia wimbo ule ningeuandika, wanafunzi wangu wausome, usipotee.

Bibi alicheka hadi akaweka ukili chini.

"Wimbo ule una mwenyewe, mjukuu wangu. Na mwenyewe nimekwisha kumwimbia, chumbani kwake, tukiwa watu watatu. Wewe nikuimbie, kwani nakuoza?"

Mpaka leo siujui wimbo ule. Sijui hata mstari mmoja.

Sasa rudi nami kwenye daftari lako. Umeandika kwamba fasihi simulizi huhitaji fanani, hadhira, mahali na tukio maalumu. Ukiulizwa, utaorodhesha. Lakini jiulize inakuwaje kimoja kikiondolewa. Bibi aliimba, ndiyo. Maneno hayakubadilika, bila shaka, na fanani alikuwa yeye yule. Lakini wimbo wa kumkabidhi binti mbele ya koo mbili, ukiimbiwa chumbani watu watatu, tayari ni tukio jingine. Mimi sikuuzuia wimbo usiimbwe. Niliuondolea hadhira yake, na hadhira ile haitakusanyika tena.

Rudi pia kwenye rejesta. Mahali nilipazingatia: ukumbini, lugha ya kuchangamsha. Mada niliizingatia: zawadi. Nilichosahau ni uhusiano na lengo. Kati ya bibi na mjukuu kuna utani, hilo sote tunalijua, na ndiyo sababu nilijiona niko salama. Lakini mimi sikuwa mjukuu wake. Bibi harusi angeweza kumtania bibi yake kuhusu mkeka na wote wakacheka. Utani una wenyewe, na mshereheshaji ni mgeni katika tani nyingi anazozikuta ukumbini. Kuhusu lengo, nilidhani tumekusanyika wageni wafurahi. Kumbe wageni tuliitwa kushuhudia jambo la watu wengine, na furaha yetu ilikuwa ni takrima tu.

Tena kuna neno lile nililoanza nalo. Kutumbuiza si kuchekesha peke yake. Ndani yake kuna kuliwaza, kumtuliza mtu. Pale ukumbini alikuwepo mtu mmoja aliyehitaji kutumbuizwa hasa, naye ni binti anayeolewa bila mama. Alikuwepo pia mtu mmoja aliyejua namna ya kumtumbuiza. Wakati wote huo kipaza sauti nilikuwa nacho mimi.

Sijaacha kusherehesha. Wale wawili waliochukua namba yangu walinipigia, na wengine baada yao. Ila nimebadili utaratibu, nami nakupa utaratibu huo, kwa sababu mwakani, ukishamaliza kidato cha nne, kuna shangazi atakayesema, "Wewe umesoma, shika wewe kipaza sauti."

Kwanza, kabla ya siku yenyewe, ziulize familia zote mbili: mna jambo lenu? Wimbo, majigambo, ngoma, wosia wa mzee? Nani atalifanya, na anahitaji muda gani?

Pili, jambo hilo liweke kabla ya chakula, watu wakiwa bado wametulia. Muziki uzimwe kabisa, si kupunguzwa.

Tatu, ukibanwa na muda, kata maneno yako. Mshereheshaji anaweza kupoteza vichekesho kumi na harusi isipungukiwe kitu.

Nne, zawadi usiipime kwa macho. Itaje kwa heshima ile ile, iwe friji au ungo.

Katika harusi moja ya hivi karibuni, mjomba wa bwana harusi kutoka Tabora alitoa majigambo kwa Kinyamwezi kwa dakika 12. Vijana wa nyuma hawakuelewa neno, lakini hakuna aliyetoka nje. Mimi nilikaa kwenye kiti pembeni, kipaza sauti kimezimwa mapajani, na nadhani ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizofanya usiku ule.

Mwezi uliopita mwenzangu alinialika kwake. Mkeka ule umetandikwa sebuleni, wa rangi ya zambarau na kijani, na mtoto wao anajifunza kutambaa juu yake. Nilivua viatu mlangoni. Mkewe akanikaribisha niketi, akaniletea maji, akasema kwa kicheko, "Keti, Mwalimu, leo hakuna muda wa ukumbi."

Nikaketi.

Maswali ya kujipima

1. Eleza mambo manne yanayoongoza matumizi ya rejesta, kisha onyesha ni yapi mwandishi aliyazingatia na yapi aliyasahau alipokuwa ukumbini.

2. "Wimbo ule una mwenyewe." Kwa kutumia sifa za fasihi simulizi, jadili kauli hii ya bibi kwa hoja tatu.

3. Mwandishi angeuandika wimbo wa bibi, ni faida gani zingepatikana na ni mambo gani yangepotea? Toa hoja mbili kwa kila upande.

4. Umechaguliwa kuwa mshereheshaji katika harusi ya ndugu yako. Andika hotuba fupi ya kuwakaribisha wageni, ukizingatia kwamba mstari wa mbele wamekaa wazee wa koo zote mbili.

5. Muulize mzee mmoja wa nyumbani kwenu kuhusu wimbo ulioimbwa katika harusi yake. Andika aya moja ukieleza nani aliimba, lini na mbele ya nani. Maneno ya wimbo yaandike ikiwa tu amekuruhusu.